Bwana Yangu wa Bulaya

Kasongo, Siku ya Mungu, 3/3/1957
Leta ya Godelieve imefika — barua ya saba! Yeye anasomea kazi ya infirmière kule Bulaya, anataka Kiswahili ili aje kutibu watu huku. Mimi nafundisha watoto kusoma hapa misioni, nataka Kiflama, lugha yao ya Ubeleji. Nusu ya leta lugha yangu, nusu lugha yake. Kila mutu anasahihisha ya mwenzake na kalamu nyekundu, anairudisha. Yangu imerudi kama mutoto wa surua.

Kwa nini Kiflama? Masere, watawa wa misioni, wanakisema wakitaka sisi tusisikie. Leo nimesikia! Walikuwa wanabishana juu ya chumvi ya supu. Miaka mine nilidhani ni siri kubwa.

Godelieve anasimulia babu yake Cyriel, mulima viazi, mucheshi sana. Nimeshamupenda.

Siku ya tatu, 6/3
Kisha misa ya majivu nimepeleka jibu langu posta. Nilimalizia hivi: "Unisalimie bwana yangu Cyriel. Nikifika nitamupikia sombe ya majani ya muhogo, bibi yake mukubwa apumzike." Ndivyo tunavyofanya mchezo na babu yangu Raphaël kule Kabambare. Nisipomuita bwana yangu, haitiki. Na mbele ya watu wote anauliza kwa nini muke wake mudogo hajamupikia.

Siku ya posho, 13/4
Leta haijafika. Gaston, karani wa posta, aliniuliza niliandika nini. Nikamwambia. Akashika kichwa. Eti kule babu hawezi kuitwa bwana na mujukuu, hata kwa mchezo. Eti nimewaambia namutaka muzee wa watu, na bibi yake angali hai!
Ee Mama. Nilirudi kwa njia ya nyuma.

Siku ya pili, 16/4
Nimeandika ya kuomba musamaha. Nimepasua. Ingine — nimepasua.
Siyo Kiflama tu ninachokililia. Nani mwingine anauliza nimekula nini, na watoto wangu wamefika herufi gani? Nimemupoteza rafiki yangu kwa ulimi wangu mwenyewe.

Siku ya ine, 2/5
Leta! Lakini maandiko si ya Godelieve. Yanatetemeka, Kiflama kitupu. Mstari wa kwanza: "Mimi ni bibi ya bwana yako."
Nikakaa chini. Nikasoma kurasa mbili mbio mbio, hata kamusi sikuikumbuka.

Anasema Cyriel, tangu asikie, anavaa tai siku za kazi. Anajiangalia ndani ya dirisha. Majirani wote wamekwisha kuambiwa. Godelieve alikuwa kwenye mitihani, ndiyo maana kimya. Naye anacheka mpaka anashika tumbo.

Kisha: "Nimekaa naye miaka makumi ine na moja. Anakoroma. Ukimutaka, umuchukue pamoja na kukoroma kwake. Lakini uniambie mbele, mwanangu: kwenu, bibi wawili wanagawana siku namna gani? Kumenya viazi kumenichosha."

Nimesoma mara tatu. Furaha imenijaa. Rafiki yangu yuko!

Nimeanza kujibu. "Yaya, dada yangu mukubwa, wewe ulitangulia, wewe unaamuru. Viazi ni kazi yangu. Kuhusu siku —" Louise, mwalimu mwenzangu, anauliza kama nalia ama nacheka. Nimemwambia namuandikia muke-mwenza wangu. Ametupa chaki, ametoka mbio kuita wengine. Nasikia wanakuja, wote, na mimi bado sijachagua siku ngapi.