Maharage ya Mama Mkubwa

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na sasa unapanda ngazi za kwako bila kushika ukuta. Hapa sote tuko hai. Mdogo wa mwisho anakohoa kidogo lakini anacheza, baba yao yuko safarini na lori na atarudi Alhamisi, na mimi mwili hauna neno. Habari njema zimeishia hapo, dada, kwa sababu nina hasira na wewe, na nisipoiandika leo nitaimalizia kwa mtu asiye na kosa.

Najua umepiga simu. Nimeona, mara saba, nikaiacha iite. Kwenye simu wewe hunishinda siku zote. Utaanza kwa sauti ya juu, kisha utalia, kisha utanikumbusha nani alinisuka nywele baada ya mama kufariki, na mwisho wake mimi ndiye nitakayekuomba radhi kwa kosa lako. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Leo ni Jumamosi asubuhi, nimekaa kwenye meza ya chakula. Wakili yuko jikoni anapika peke yake. Jina hilo ulimpa wewe mwenyewe, kwa sababu ana miaka kumi na anabishana hata na saa ya ukutani. Mlango ameurudishia na nyuma yake ameweka kiti. Nilitaka kuingia kuchukua kikombe, akanipitishia kwenye mwanya.

Nianze mwanzo, maana nasikia unawasimulia watu kwamba yote haya ni deko la binti yangu, na kwamba mimi ni mama ninayeendeshwa na mtoto. Hukuwepo, dada. Shule yao ilifungwa siku moja ghafla, walimu walikuwa na mkutano, na zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Sikuwa na mtu wa kumwachia, nikaenda naye kiwandani. Kazi yangu unaijua: vifaranga wakitoka kwenye mashine ya kutotolesha nawashika mmoja mmoja, nafungua bawa, majike nawaweka kwenye trei, madume nawatupa kwenye pipa la kushoto. Madume wa mbegu ile hawatagi na hawanenepi, kwa hiyo hakuna anayewataka. Miaka sita nimefanya kazi hiyo na sijawahi kuangalia kushoto. Nilimkalisha Wakili nyuma ya kioo na daftari lake la kuchora, nikamwambia asisogee. Hakusogea. Ila kutoka pale nilipomweka, kitu pekee alichoweza kukiona vizuri kilikuwa lile pipa, na alikitazama zamu nzima.

Hakulia. Jioni nilikaanga mayai, akayasogeza pembeni na kuniuliza kama wale niliowaweka kwenye trei ndio watakaokuja kutaga mayai ya namna hii. Nikasema ndiyo. Akauliza, na kaka zao je? Nikamwambia ale kabla hayajapoa. Akasema mayai basi, na kuku basi, na nyama basi. Wiki moja baadaye akasoma kitabu cha maktaba ya shule kuhusu ndama, na maziwa nayo yakaenda. Nikamwambia tutaacha pamoja, nyumba nzima, kwa sababu mimi ndiye niliyechagua kile kiti cha nyuma ya kioo.

Sikufichi kwamba ilinitoa jasho. Maharage hayamtaki mtu wa zamu. Lazima uyakumbuke jana ndipo uyale leo, na mara ngapi nimerudi saa kumi jioni, miguu imevimba, nikakuta yamelala makavu kwenye kopo kwa sababu nilisahau kuyaloweka. Nilitengeneza maziwa ya soya yakakatika kwenye chai mbele ya mwalimu wake, aliyekuja kuuliza kwa nini mtoto anakataa uji wa shule. Mdogo wake aliyatema kwenye zulia. Baba yao alisema barabarani atakula anachotaka na nyumbani atakula kilichopo sufuriani. Akatutania kwamba siku hizi anarudi zizini kula majani, kisha akaosha vyombo bila kuambiwa. Muuguzi wa kliniki alinielekeza vizuri, kwamba mtoto anaweza kukua bila matatizo, mradi apate maharage, dengu, karanga na mboga za majani, na kidonge cha vitamini kisikose. Kidonge hakikukosa. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Napika kwa haraka, napika vibaya, na Wakili alikuwa anakula vijiko vitatu kwa adabu kisha anashukuru. Kwa miezi miwili alipungua kilo mbili. Muuguzi alipoangalia mizani mara ya pili hakutabasamu, na mimi nikaingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Ndipo nikakuita. Umepika kwenye jiko la shule miaka ishirini na mitano, watoto mia nne wakila kutoka kwenye mwiko wako. Nilikuomba siku kumi na mbili tu, kwa sababu kiwandani oda zilikuwa zimefurika. Ulipotua begi lako mlangoni nilikueleza kila kitu kabla hata hujavua viatu. Hakuna nyama, hakuna supu yake, hakuna hata tone. Ulinishika bega ukasema, "Nyumba yako, sheria yako." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu nilisikia mzigo umenitoka.

Siku ya tatu nilirudi mapema nikapita chini ya dirisha, nikakusikia unamwambia fundi cherehani wa mlango wa pili kwamba mdogo wako mchana anaua vifaranga na jioni anajifanya mtakatifu. Nilisema moyoni, aseme atakalo, mradi mtoto anakula.

Na mtoto alikula. Sitakunyima haki yako. Kuanzia jioni ya kwanza Wakili alimaliza sahani akaongeza. Alirudi kutoka shule akinusa tangu kwenye ngazi. Kilo moja ikarudi. Alikufuata jikoni na daftari, akakuomba umwandikishe namna ya kupika maharage yako, na wewe, dada, ulivuta kiti ukamwandikisha. Kitunguu kimoja kikubwa. Nyanya tatu. Kitunguu saumu. Moto mdogo na subira. Aliandika kwa mwandiko wake bora, juu akapigia mstari kwa rula: Maharage ya Mama Mkubwa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Ungeweza kumwambia ni siri yako ya upishi, angeelewa. Ulimtazama mtoto anaandika uongo neno kwa neno, na ulipoona amekosea herufi ukamsahihisha.

Ulipoondoka aliyapika mwenyewe. Hayakuwa yale. Akadhani amekosea, akapika tena Jumatano, akapima kitunguu kwa mizani, akakaa mbele ya jiko na saa. Hayakuwa yale. Mara ya tatu alilia, binti ambaye hakulia mbele ya pipa, akasema hana mkono wa kupika, ameurithi wangu. Mimi nilimfariji. Nilimwambia kwamba wazee wana utaalamu wao.

Kisha Jumatatu iliyopita, akitafuta barafu, akatoa kwenye friza ile trei uliyoisahau nyuma ya njegere. Ama uliiacha makusudi, utajua mwenyewe. Vipande kumi na viwili vya kahawia, vimeganda kama barafu. Hakuniuliza. Aliweka kimoja kwenye sufuria ndogo, kikayeyuka, akachovya kidole. Nilikuwa napiga pasi nguo ya kazi. Alikuja na ile sufuria akaishikilia mbele yangu mpaka nikanusa supu ya mifupa.

Nilikupigia palepale, mbele yake. Unakumbuka niliyosema, sitayarudia, na mengine sikutakiwa kumwambia mtu aliyenilea. Nilikuita mwongo mara tatu. Wakili alisimama pembeni ya meza ya pasi akisikiliza. Nilipokata simu aliniuliza kama mimi sikujua. Nikamjibu, ningejuaje.

Tangu siku hiyo hali kitu ambacho hakina ganda lake. Ndizi anamenya mwenyewe. Chungwa anamenya mwenyewe. Karanga anabanja mwenyewe, viazi anachemsha na maganda yake kwenye sufuria aliyoisugua kwa mchanga. Shuleni anabeba maji ya bomba kwenye chupa anayolala nayo. Nikimwekea sahani anasema asante, ameshiba. Muuguzi anasema viazi na ndizi havitamfikisha mbali. Mdogo wake ameanza kumuiga, jana alikataa uji akaniuliza, "Uji huu una kitu?"

Basi hasira yangu umeiona. Nilikuwa nimepanga barua iishie hapa, nitie sahihi, niifunge, wewe ulie huko kwako na mimi nijione nimepata haki. Nimeandika mpaka hapa nikaweka kalamu chini. Jikoni nasikia anafunika sufuria.

Dada, ile jioni ya kwanza nilijua.

Kijiko cha kwanza tu. Mwaka ule mama alipofariki ulikuwa unakwenda kwa muuza nyama kuomba mifupa aliyokuwa anawatupia mbwa, unaichemsha mara tatu, unachuja kwa kitambaa cheupe, unatupikia maharage ndani yake ili tusione kwamba nyama hakuna. Ladha ile imenilea. Naweza kuitambua nikiwa na homa. Niliitambua, nikakuangalia, na wewe ulikuwa umeinamia sahani yako kwa bidii isiyo ya kawaida. Wakati huohuo mtoto akaniuliza.

"Mama, humu hamna kitu?"

"Hamna," nikasema. "Kula."

Na mimi nikala. Niliongeza. Siku kumi na mbili nilikaa meza moja na wewe tukijitia hamnazo, hatukuongea neno juu ya ile mifupa, wala hatukuhitaji. Najiambia ni kwa sababu ya zile kilo mbili, na ni kweli. Najiambia ni uchovu, nao ni kweli. Lakini pia maharage yalikuwa matamu, dada, na mtu mwingine alikuwa amesimama jikoni badala yangu, na nilipenda nyumba inukie vile nikirudi. Nilipokuita mwongo kwenye simu nilikuwa nakutumia. Nilitaka aone hasira yangu ili asinitazame usoni. Na wewe ulijua kwamba najua, ukanyamaza, ukabeba matusi yote peke yako. Sijui nikushukuru au niongeze hasira. Kwa sasa naongeza.

Usidhani nimekusamehe kwa hili. Ulivunja ahadi kwenye jiko langu na ulimwandikisha mtoto uongo, na ukija utamwomba radhi ukiwa umesimama, goti au si goti. Ila aliyeulizwa ni mimi. Hakukuuliza wewe. Alikuwa ameshaona kwamba watu wazima tunaweza kuwa na pipa upande wa kushoto na tusiliangalie, akaona aniulize mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeacha pamoja naye.

Nimejaribu kumwambia kwa mdomo. Jana nilianza mara mbili, nikaishia kumuuliza habari za hesabu. Kwa hiyo nitafanya hivi: nikimaliza mstari wa mwisho nitagonga mlango wa jikoni na kumpa karatasi hizi kupitia kwenye mwanya. Bahasha na stempu nitampa pia. Kama barua hii imekufikia, ujue kwamba ameisoma yote na ameifunga mwenyewe. Akikataa, haitakufikia, na mimi nitajifunza kuishi na hilo.

Vile vipande nimevimwaga. Kitambaa chako cha kuchujia nilikikuta kwenye kamba nyuma ya mataulo. Nimekifua na kukikunja, baba yao atakuletea akipita huko. Mpe shemeji salamu zangu, na wajukuu wako waambie bibi yao wa huku anawakumbuka hata akiwa mkali. Kunywa dawa ya goti kwa wakati, usingoje liume.

Ni mimi, uliyenilea, mdogo wako.

Mama mkubwa, shikamoo. Mama amenipa barua. Nimeisoma mara mbili. Ile siku ya kwanza niliuliza kwa sababu nilimwona mama ameacha kutafuna. Alivyosema hamna nikaamini. Ule ukurasa wa maharage nimeuchana. Ukija njoo mikono mitupu, begi lako nitalikagua mimi, na nitapika mimi. Leo nimechemsha viazi, nimemwekea mama vitatu. Sijammenyea. Amenye mwenyewe aone kwamba hamna kitu.