Uppsögn, Yaani Kusema Juu

Jumatatu, 14 Januari 2019
Miezi kumi na mmoja na siku tatu tangu nitoke Poland kuja Aislandi, kwenye kiwanda cha samaki. Mikono inanuka samaki hata nikiisugua kwa ndimu. Jioni, darasa la Kiaislandi juu ya kantini ya kiwanda. Mwalimu Hallveig kakusanya kamusi zote na kuzifungia kabatini! Neno refu lisiwatishe, kasema. Likate kama samaki, halafu sikiliza majirani zake kwenye sentensi. Akaandika ljósmóðir. Nikakata: mwanga, mama. Jirani yake ni mtoto mchanga — mkunga! Nimepigiwa makofi. Mimi, ambaye shule ilinishinda!

Jumatano, 16 Januari
Nakata kila neno. Mabango, chupa za sabuni. Bolek, tunayelala naye chumba kimoja na kusoma naye darasani, anasema nina homa.

Ijumaa, 25 Januari
Nyapara kanipa barua huku anatazama viatu vyake. Neno moja tu silijui: uppsögn. Nikalikata. Upp, juu. Sögn, kusema. Kusema juu — wananisifu! Majirani: tarehe 28 Februari, asante kwa kazi, rudisha funguo za chumba. Basi nahamia chumba kikubwa, kama cha manyapara! "Umekuwa nyapara, mzee!" Bolek kanikumbatia. "Usinisahau, bosi." Nikampigia mke wangu. Halina kalia kwa furaha. Anamwambia kila mtu.

Jumatatu, 28 Januari
Nimempelekea Mwalimu barua anipongeze. Kaisoma, kakaa kitako.
"Kukata umekata vizuri, Czesław. Majirani ndio hukuwasikiliza. Funguo anarudisha nani?"
Nikajibu: anayeondoka.
Uppsögn ni kuachishwa kazi. Wananunua mashine ya kukata minofu, kazi yangu hiyo. Nikauliza, sasa hapo juu wanasema nini? Hajui. Kalikuta neno hivyo hivyo, hajawahi kulikata. Halafu, kwa aibu — naweza kumruhusu alitumie kwenye mtihani? Ni mfano mzuri mno. Nikasema sawa.

Alhamisi, 31 Januari
Mtihani. Swali la tatu: uppsögn. Darasa zima limepata. Bolek kanishukuru!
Nikampigia Halina nimweleze. Kaniwahi: "Haya, bosi wangu!" Kaka yake, Leszek, kaacha kazi ya matofali, eti shemeji nyapara atamwingiza kiwandani. Tiketi keshakata. Anatua huku Jumatano, tarehe 27 Februari.
Nikafungua mdomo. Nikasema alete soksi nzito.
Mimi natarajia kufika nyumbani Jumamosi, tarehe 2 Machi.