Chale za Magotini

Malaba,
Jumapili, 15 Oktoba 1978

Kwa dadangu Zulaika,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua siku za Idd sasa umepoa, na wapangaji wako hapo Busia hawakupandishi presha. Sisi huku tuko. Vitumbua vinauzwa, malori yamepanga foleni ya mpakani mpaka karibu na mlango wangu, na Baba Ziada yuko safarini Mombasa, atarudi Ijumaa Mungu akipenda. Ukiniuliza hali nitakujibu alhamdulillahi, maana ndivyo tulivyofundishwa kujibu, lakini dada, nimechoka. Nimechoka mpaka roho.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Najua wiki mbili zilizopita Ayub, dereva mwenzake Baba Ziada, alikuletea ujumbe kwamba usikanyage tena nyumbani kwetu. Na najua hukujibu neno. Ningekuwa mimi, ningepanda gari siku ile ile nije nigombane mpaka majirani watoke nje. Wewe ukanyamaza, na kunyamaza kwako kumenikera kuliko matusi. Basi ngoja nikueleze jambo hili tangu mwanzo. Ukifika mahali ukaona nimekuwa mkali, endelea kusoma tu, usiiweke chini.

Unakumbuka mwezi wa tatu Ziada alipoanza kutoka mabaka kwenye viwiko, madogo kama senti kumi, juu yake magamba meupe kama ya samaki. Nikamleta kwako likizo ya Aprili, kwa sababu wewe ndiye uliyerithi mkono wa mama, na tangu tukiwa wadogo hakuna degedege wala kichwa kilichoshindikana kwa wembe wa nyumba yetu. Ukasema damu chafu imekwama chini ya ngozi, itafutiwe njia. Ukamchanja chale mikononi na mgongoni, ukampaka ule unga mweusi wa mizizi, ukamrudisha kwangu amefungwa vitambaa. Nilikushukuru. Nilikupa kuku wawili, sijui kama unakumbuka.

Wiki mbili baadaye nilipomwogesha nilipiga ukelele. Kila mahali ulipopitisha wembe ngozi ilikuwa imeinuka, imevimba, imeota magamba. Si baka tena bali mistari, imenyooka vile vile ulivyoichora. Mgongo wa mtoto wangu ulikuwa kama daftari lililopigwa mistari! Nilikaa chini hapo hapo bafuni nikalia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Mwezi wa sita Mwalimu Barasa, hedimasta wao, akamrudisha nyumbani. Akasema hataki ukoma shuleni kwake. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni ukoma, kwani yeye ni daktari? Akasema anaona kwa macho. Mtoto yuko darasa la saba, dada, mtihani wa kumaliza ni mwezi wa kumi na moja, na toka darasa la kwanza hajawahi kushuka nambari ya nne. Kisha jirani yangu Roselida, ambaye tulikuwa tukiazimana chumvi, akamkataza binti yake kunywa maji nyumbani kwetu. Madereva nao wakaanza kupita mbele ya kikaango changu kama hawanijui. Nilikuwa nafunika vitumbua na kuvirudisha ndani vimepoa, na hasira zote nikawa nazielekeza Busia, kwako. Nakwambia ukweli.

Mwezi wa saba nikampeleka hospitali ya misheni. Karani mlangoni alimwangalia mara moja tu akatuelekeza foleni ya wakoma. Tukakaa huko tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mimi nahesabu waliotutangulia, Ziada anasoma kitabu chake cha jiografia. Hatimaye tukaitwa na daktari mmoja, Daktari Egwang, Mteso wa upande ule wa Uganda, aliyekimbia kutoka Kampala mwaka jana akiwa na begi moja. Akachukua pini akamchoma Ziada juu ya baka bila kumwonya. Mtoto aliruka nusura ampige teke la kifua! Daktari akacheka, akasema ukoma ungekuwa umeua hisia hapo, na huyu ana hisia za kutosha watu watatu. Akasema ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi, hauambukizi hata mkilala kitanda kimoja miaka kumi. Nilimwomba aniandikie jina kwenye karatasi ili nikambandike nalo Roselida usoni.

Sasa sikiliza alivyotueleza, maana hapa ndipo penye kiini. Alisema ndani ya damu mna chembe nyeupe, nazo ndizo askari wa mwili. Akamuuliza Ziada kama amewahi kuona pale mpakani askari mmoja akipiga firimbi. Ziada akasema amewaona mara nyingi, wanakuja mbio wote, hata wasiojua kuna nini, na wanampiga yeyote waliyemkuta karibu. Daktari akasema ndivyo hivyo hivyo. Kwa mgonjwa wa namna hii askari mmoja hupiga firimbi na mwizi hayupo. Wenzake wanakuja, nao wakifika wanapiga firimbi zao, wanakuja wengine, na anayepigwa ni ngozi. Basi inavimba, inapata moto, na inaota kwa pupa. Ngozi ambayo ingechukua mwezi mzima kuota inaota kwa siku nne, ndiyo maana ya yale magamba. Nikamuuliza nani anapiga firimbi ya kwanza. Akasema hajui. Akasema hata waliomfundisha hawajui, na hata habari hii ya askari kuitana wataalamu bado wanabishania. Ila yeye mwenyewe alipokuwa Kampala aliziona chembe hizo kwa darubini, zimejazana ndani ya ngozi ya wagonjwa. Nikaudhika kweli kweli. Mtu anasoma miaka yote ile halafu anakwambia hajui!

Lakini kitu kimoja alikuwa na hakika nacho. Alipitisha kidole kwenye ile mistari ya mgongoni, akauliza nani alimchanja huyu. Nikamwambia. Hakukutukana, dada, sitakusingizia. Alisema tu kwamba ngozi yenye ugonjwa huu ikikatwa, hata ikikwaruzwa na mwiba, pale palipokatwa ndipo askari wanapoitwa. Wembe ni firimbi. Hakuna damu chafu ya kutoa, na kila chale inaongeza. Akanitazama machoni akanikanya kwamba mtoto huyu asiguswe tena na wembe wa mtu yeyote. Nikasema nimesikia.

Akatupa dawa ya lami ya kupaka. Inanuka kama barabara mpya, shuka zote zimeharibika, na kila asubuhi ilibidi Ziada akae uani juani mgongo wazi huku nimemzungushia kanga nne watu wasichungulie. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Nilikuwa nakosana na ile chupa kama mtu. Lakini mwezi wa nane magamba yakaanza kudondoka, na ulipokuja Idd uliona mwenyewe mgongo umelainika, umebaki weusi tu wa makovu. Ulimpapasa ukasema mashallah. Hukugusa wembe. Hata mkoba wako wa dawa hukuja nao, maana niliangalia.

Kilichobaki kilikuwa mabaka mawili ya magotini. Mwalimu Barasa alikuwa ameshasoma barua ya daktari, akakubali Ziada arudi darasani, lakini aone kwanza magoti yamepona, kwa sababu sketi ya shule haiyafuniki. Na magoti yakakataa. Nilipaka lami asubuhi, nikapaka jioni. Ziada alikuwa ananiambia tungoje, daktari alisema tungoje. Tungoje mpaka lini, na mtihani unakuja?

Dada, mpaka hapa nimeandika mara tatu. Barua ya kwanza iliishia kukulaumu, Ziada akaisoma akaichana mbele yangu. Ya pili ilisema kwamba kulitokea kutoelewana. Akaichana pia. Hii ni ya tatu, na karatasi zimeniishia.

Alhamisi iliyofuata Idd, wewe umesharudi Busia, nilichukua wembe mpya dukani. Unga wako mweusi ulikuwa umebaki kidogo katika kile kikopo cha mafuta ya nywele. Nikamwita Ziada uani, nikamwambia akae. Aliuona wembe akaniuliza kama daktari ameruhusu. Nikamwambia anyamaze, mimi ni mama yake. Nikamchanja chale tatu kila goti, nikampaka. Hakulia. Moyoni nilikuwa naamini habari ya damu chafu kuliko ile chupa.

Siku ya kumi na mbili mistari ikainuka, mitatu huku na mitatu huku. Kisha mabaka ya viwiko yakarudi, na mgongo ukaanza upya. Miezi miwili ya lami na jua niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya chai kuchemka.

Tuliporudi kwa Daktari Egwang aliyatazama magoti, akaweka kalamu chini, akauliza nani. Nikasema dada yangu, yule wa Busia, alikuja Idd. Lilinitoka kama limelala mdomoni siku nyingi. Ziada alikuwa amekaa pale kitandani miguu inaning'inia, akanitazama, hakusema kitu. Baba Ziada aliporudi naye nikamwambia hivyo hivyo, akapandwa na hasira, akamtuma Ayub. Nilimsikia akimpa ule ujumbe. Nilikuwa nakanda unga, nikaendelea kukanda.

Daktari ameandika barua nyingine kali kwa Mwalimu Barasa, naye amelegea. Ziada atakaa dawati la nyuma karibu na dirisha, avae soksi ndefu. Lakini majina ya watahiniwa yanafungwa kesho Jumatatu, na asipoonekana darasani jina lake linakatwa. Nilidhani ataruka kwa furaha. Badala yake ameniambia haendi. Mtoto niliyemzaa ananiwekea sharti! Amesema haondoki hapa mpaka nimwandikie Mama Mkubwa ukweli, kwa sababu hawezi kuandika majibu ya mtihani huku anajua nyumbani kuna jibu la uongo ambalo yeye amelinyamazia. Nimemgombeza, nimembembeleza, nimemtisha kwa baba yake. Wapi.

Sasa ni Jumatatu asubuhi. Nimemwambia Ayub angoje na lori, atapitia Busia, atakukabidhi barua hii mkononi. Ijumaa Baba Ziada akirudi nitamweleza kwa mdomo wangu, na kwa daktari nitakwenda pia, Mungu anipe uso. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba uje. Mlango uko wazi, na ukitaka kunitukana njoo unitukanie hapa hapa, Roselida asikie. Uje na mafuta yako ya nazi umsuke mtoto nywele kabla ya mtihani. Wembe uuache huko, nami wangu nimeutupa chooni.

Nisalimie wapangaji, umsalimie na mwalimu wa chuo. Ziada anakuamkia shikamoo. Amevaa yunifomu na soksi zake ndefu, amekaa mlangoni na mkoba magotini, ameisoma mpaka mstari huu. Anasema sasa naweza kutia sahihi.

Mimi mdogo wako, niliyekusingizia,

Shamsa