Mstari wa Wino Ubavuni mwa Kadi

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi wa Kamwokya wazima. Goti la babu yako limetulia, sasa anagombana na redio tu.

Umeniuliza ufanye nini, bosi akitaka uandike programu ya kuwachuja watu kwa makabila. Mimi nitakwambia nililofanya enzi za utawala wa wanajeshi, nilipokuwa mwendesha kompyuta.

Wakati huo programu ilikuwa mamia ya kadi za karatasi zenye matundu, kwa mpangilio. Ubavuni mwa rundo tulichora mstari wa mshazari, ili zikimwagika tufuate wino na kuzipanga kwa nusu saa.

Afande mmoja akaja ofisini kutaka orodha ya wafanyakazi kwa wilaya walizozaliwa. Nikanyanyua kadi, zikaanguka zote. Mpaka leo sijui kama ni mikono iliyoteleza au ni mimi niliyeziachia.

"Zipange!"

"Siku mbili, afande."

Akaokota moja, akaigeuzageuza. "Huu wino ni wa nini?"

"Uchafu wa mashine, afande."

Akaitupa, akaenda zake.

Aliporudi nilimkabidhi orodha yake, haina kosa hata moja. Ila madawati kadhaa, ya wale niliowatonya, yalikuwa tayari matupu, na moja lilikuwa la babu yako.

Bibi yako,
Mwanaisha