Wakati mudomo inakataa kusali

Kavira mujukuu wangu,

Tuko wazima hapa Butembo, maharagi imekomaa. Unaniuliza kama imani yako imekufa, juu tangu mimba yako ilitoka hauwezi tena kusali.

Mimi pia, kisha kuzika mutoto wangu wa kwanza kule Mavivi, mudomo yangu ilikataa kufunguka kanisani. Jirani yangu Masika akanishika mukono: "Nyamaza tu. Nitasali kwa ajili yetu wawili." Alifanya vile kila siku ya Mungu.

Kisha bwana yake akafariki. Masika akakaa karibu yangu, akashindwa hata kusema Baba Yetu. Nikamushika, na nikasikia sauti yangu mwenyewe inaanza.

Donc mama, usijilazimishe. Kesho kwenye misa ya asubuhi nitataja jina yako.

Koko yako anayekupenda