Ile Gemu ya Matofali

Baba Valeria na shemeji Obedi,

Nimekwenda sokoni Kibondo. Maharage yako motoni, ongezeni maji yasiungue.

Tangu chai mnabishana mcheze kaseti ipi ya gemu, ya kupigana au ya kupanga matofali, eti ipi ngumu zaidi. Televisheni inawaka tu, mpaka betri ya gari inayoiwasha ikaisha hamjacheza hata moja. Walimu wazima!

~~Betri ipelekeni ikachajiwe.~~ Nimeifunga kwenye baiskeli, naipeleka mwenyewe. Nyie mngebishana njia.

Nikirudi, chezeni ya kupigana tu. Ya matofali inataka akili. Zile maksi za juu kabisa mlizokuta zimeandikwa ukutani kwa chaki, kila mmoja akidhani ni za mwenzake, nilizipata mimi juzi, nikisubiri maharage yaive.

Mama Valeria