Sentimita Sitini na Tano

Kedungwaru, Pekalongan
Jumamosi asubuhi

Kaka yangu mpendwa Tarmudi,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Batam, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunasogeza siku. Mama goti linamsumbua, lakini ulimi haumsumbui hata kidogo. Amesema kile kikohozi chako alichokisikia kwenye simu mwezi uliopita kinatokana na kula mikate ya dukani, kwa hiyo ule wali. Nimefikisha. Maji ya bahari yameingia jikoni mara mbili mwezi huu, nasi tukapika megono yetu ya fenesi bichi miguu ikiwa majini, jiko juu ya matofali. Mama alisema fenesi halijui kama kuna mafuriko.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kaka, kwenye simu unanihurumia upesi, na mimi nikishahurumiwa huacha kusema. Nimeona bora nikuandikie, usipate nafasi ya kunikatiza.

Ulipoondoka, kile kisima cha kupimia nyuma ya msikiti kilikuwa hakijachimbwa, kwa hiyo wacha nikueleze. Ni bomba tu lililozama chini sana, hakuna anayeteka maji yake. Kazi yake ni kutuambia maji ya ardhini yamesimama wapi. Wataalamu waliokuja walitueleza kwamba mtaa wetu unadidimia kwa sababu tunafyonza maji ya chini kupita kiasi, na udongo ukishanyonywa hujikunja na hauinuki tena. Wakatafuta mtu wa kupima kila Ijumaa asubuhi, nami nikachaguliwa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Naupaka utepe wa kupimia chaki ya shuleni, nauteremsha bombani, nauvuta juu, naangalia chaki imeoshwa hadi wapi. Namba naiandika kwenye ubao wa msikiti. Mwaka wa nne sasa. Watu wameniita Bi Sentimita, na sikatai, nililipenda jina hilo.

Basi mwaka huu wapaka rangi wote kumi na mmoja wa batiki walikubaliana kwamba pampu zao za visima virefu zipumzike Jumatatu na Alhamisi. Kwa kuwa ndizo siku za funga ya sunna, watu wakasema pampu nazo zimefunga. Mzee Dulkamid, mwalimu wako, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi, ingawa pampu yake ndiyo kubwa kuliko zote na nguo za Idi zilikuwa zimemjaa uani. Alisema kama mashine inaweza kufunga, mtu naye hana udhuru.

Miezi minne ikapita, maji yakabaki mita kumi na nane na sentimita arobaini. Hayashuki, hayapandi. Kisha nikaenda Tegal kwenye harusi ya binamu yetu, nikakaa wiki mbili. Niliporudi nikapima, nikapata mita kumi na tisa na sentimita mbili. Nikapima tena. Ni hivyo hivyo. Maji yalikuwa yameshuka sentimita sitini na mbili katika wiki mbili, nami nikaiandika ile namba ubaoni kwa chaki nyekundu.

Mkutano wa mtaa uliofuata ulikuwa wa moto. Kila mtu alikuwa akisema kuna anayewasha pampu kwa siri, na macho yote yalikuwa kwa Mzee Dulkamid. Unamjua, si mwepesi wa maneno. Aliapa kwamba hajawasha. Watu wakaguna. Kisha akanigeukia mimi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kasmirah mwanangu, umepima kuanzia wapi?"

Nami nikamjibu mbele ya watu, "Kuanzia mdomo wa bomba, Mzee, kama Ijumaa zote. Au ulitaka nianzie kwenye pampu yako?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akashika mbavu. Na mimi, kaka, nilikionea raha kile kicheko. Mzee aliketi. Wapaka rangi kumi waliinua mikono, na kesho yake kisima chake kikazibwa kwa saruji. Kuanzia hapo kila aliyepita mlangoni kwake alimtania: "Mzee, shikamoo, eti unakula mchana?" Nilikupigia simu nikakusimulia habari yote kwa madaha, ukakasirika, ukamwandikia mwalimu wako barua kwamba mkono uliokufundisha kushika muhuri wa batiki huutambui tena. Nilikusifu. Nilisema umefanya la kiume.

Sasa nisikilize.

Wiki tano zilizopita nilikuwa nakwangua ukungu kwenye bomba la kisima, nikaona duara la gundi limelizunguka, pale linapoingia ardhini. Surip, muadhini wetu, alikuwa akifagia. Akaniambia kwa kulalamika kwamba hakuna hata mmoja aliyemshukuru. Nikamuuliza kwa lipi. Akasema wakati niko Tegal mtaa ulifanya msaragambo, wakaujaza kifusi uwanja wa msikiti ili maji ya bahari yasiingie kwenye swala, na yeye kwa akili yake akaliongeza bomba kwa kipande kilichobaki, lisije likafukiwa. Sentimita sitini na tano, akasema, na hakuna aliyempa hata chai.

Nilikiweka chini kisu cha kukwangulia, nikalitazama bomba. Niliporudi kutoka Tegal bomba lilinifika pajani, kama siku zote, kwa sababu uwanja na bomba vilipanda pamoja. Na uwanja kuwa mpya sikuuona kuwa ni habari. Kwetu watu huinua sakafu kama wengine wanavyopaka kuta rangi. Mama ameshainua yake mara tatu na bado anaiita sakafu aliyoijenga baba. Nani angeona haja ya kunitajia kwamba kitu kimeinuliwa?

Toa sitini na tano za kile kipande kwenye ile namba yangu nyekundu, kaka. Utapata kumi na nane na thelathini na saba. Maji hayakuwa yameshuka. Yalikuwa yamepanda sentimita tatu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kupima. Hakukuwa na mwizi. Tulitakiwa tupike pilau tumshukuru Mungu, sisi tukamziba kisima mzee wa watu.

Na mimi nikamwambia Surip ahsante, nikaenda nyumbani.

Hilo ndilo ninaloungama kwako. Kukosea kupima, yeyote anaweza kukosea. Lakini nimejua kwa wiki tano. Ijumaa tano nimepima na kuandika ubaoni namba ninayoijua si kweli, kwa mwandiko uleule mzuri. Nilijiambia kwamba nikisema, wale kumi watasema vipimo vyote ni vya uongo, pampu zitaacha kufunga, na mtaa utazama. Hoja hiyo niliirudia mpaka ikanizoea. Ukweli ni kwamba sikutaka Bi Sentimita achekwe. Mzee aliniuliza swali moja tu, lile lililotakiwa kuulizwa, na nilimfanya kichekesho kwalo.

Alhamisi nilikwenda kwake nimeazimia. Nilimkuta anafunga mihuri yake ya shaba kwenye magunia. Anahamia Semarang kwa binti yake, Jumapili hii. Alinipa chai, akanipa na ule muhuri mdogo wa ndege ulioanza nao kazi, umefungwa kwa kitambaa. Akasema nikupe. Akasema barua yako aliipata, hakuijibu kwa sababu hakuwa na la kuongeza, na hana kinyongo. Maneno yalinifika hapa kooni nikayameza na chai yake. Nikaaga. Jana kwenye mkutano mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Mdomo wangu hauna faida, kaka, ila mkono unayo. Kwa hiyo barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja ni yako. Nyingine sasa hivi naenda kuibandika kwenye ubao wa msikiti, juu ya namba zangu, Mzee akiwa bado hajaondoka. Usinikasirikie kwamba mtaa mzima umesoma habari za kikohozi chako. Ningeianza upya bila salamu, ningepata nafasi ya kughairi.

Jumamosi, baada ya adhuhuri

Hapa chini ni kwako peke yako. Niliibandika nikakaa barazani pa msikiti, sikukimbia. Walisoma watu kama kumi na tano. Mmoja aliniuliza kwa sauti leo nimepima kuanzia wapi, wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa haki yangu. Surip alisoma mpaka mahali pa chai, akaniambia hata sasa hajapewa.

Kisha akaja Mzee Dulkamid. Watu walimpisha. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote amesimama, kutoka assalamu alaikum mpaka mwisho. Hakunitazama. Alinyoosha mkono, akaomba utepe. Akapiga goti penye bomba, akaweka ncha kwenye mdomo wa bomba, akaushusha utepe mpaka penye duara la gundi. Akainama karibu sana, unajua macho yake.

"Sitini na nne na nusu," akasema. "Surip hajui kupima. Ukiandika upya, andika sawasawa."

Akanirudishia utepe akaenda zake. Mwenyekiti na wenzake walimfuata nyumbani na tindo wakavunje ile saruji, naye akachungulia dirishani mwenyewe akawaambia kwamba hayupo. Gari la kubeba magunia limeagizwa kesho saa tatu. Sijui kama litaondoka limejaa au tupu, na sina uso wa kwenda kumuuliza. Barua hii itachukua siku tano kukufikia. Akiwa hapa au Semarang, kaka, mwandikie. Usinitetee. Muhuri wako nimeuweka kwenye kabati la Mama.

Nimefuta ubao wote. Nimeandika kwamba maji yalipanda sentimita mbili na nusu, si tatu, na chini yake nimeandika jina langu kamili. Linasomeka.

Mama anakusalimu, nami sijamwambia bado, ingawa nadhani ameshasikia kwa majirani kwa sababu leo hajaniita kula. Msalimie wifi, wabusu watoto. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Kasmirah